Kamba za Mkono wa Kushoto

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa seremala wa hoteli Diani. Mgeni mmoja aliyeweka mashua yake ya matanga kijijini Mkwiro alipatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ukapooza. Mkewe akaniita. Tulifunga makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba, sitahani ili kamba zote za mlingotini zifike penye usukani. Kisha mama yule alijifunga mkono wake wa kulia kwa leso, akaketi, akavuta kamba ya tanga kwa wa kushoto.

“Bado nzito, fundi. Tuongeze kapi.”

Tuliongeza, akajaribu tena, hata akaridhika. Kesho yake mumewe aliketi palepale, akavuta, na tanga likapanda mpaka juu. Mkewe hakunyoosha mkono kumsaidia. Nilimheshimu mama yule kuliko mafundi wote niliowahi kufanya nao kazi.