Sauti ya Kumkumbusha Mama Dawa

Nilikuwa muuguzi, nikarudi chuoni kusomea kompyuta, nikaishia kutengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa. Wenzangu ofisini walitaka sauti iseme tu, “Meza dawa.” Niligoma. Kwetu milimani, nani anamwamrisha mzee bila kumsalimu? Nikarekodi sauti yangu mwenyewe: “Shikamoo. Umeshameza dawa?”

Mama yangu, mgonjwa wa presha, ndiye aliyeijaribu kwanza. Kila asubuhi aliitikia, “Marahaba, mwanangu,” kama vile nimesimama mlangoni, kisha akameza. Hata hivyo, presha ikamchukua.

Asubuhi iliyofuata mazishi, tukiwa tumekaa mkekani nyumbani kwake Mlali, simu yake ikalia. Sauti yangu ikasema shikamoo. Watu wote wakanigeukia, wakidhani nitaizima. Nilikuwa nasubiri marahaba.