Aliyenifundisha Kumeza

Sikutaka kuandika haya. Yusra, nesi wa kliniki yetu hapa mjini, ndiye aliyenisumbua. Kila nikienda, "Bibi, umeandika?" Nikamwambia mimi nimefika darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Amwambie yule mwalimu mstaafu anayekaa karibu na dirisha, yule mwenye miwani miwili. Akasema, "Mwalimu anaandika kama tangazo la serikali, bibi. Wewe uliponieleza mambo ya Kigwe nilisahau mpaka foleni." Basi akanipa daftari na kalamu. Nimeandika siku tisa na mkono unaniuma. Mtu asicheke herufi zangu. Ni kubwa lakini zinasomeka.

Naitwa Jenifa Ndahani, nakaa Miyuji, hapa hapa mjini. Kama daftari hili liko mikononi mwako, basi na wewe umefungwa mpira wa tumbo, au unangoja kufungwa. Ila najua wapo wanaosindikiza wagonjwa, nao wanapenda kusoma ya watu, kwa hiyo naeleza mara moja tu.

Nilikuwa na kilo mia moja na kumi na nane. Magoti yalikataa, sukari ikapanda. Mwanangu Gerson akanipeleka Dar es Salaam kwa dokta anayemfahamu. Wakanifunga mpira juu ya tumbo, kama unavyofunga mdomo wa gunia ukaacha kitundu. Chakula kinapita hapo kidogo kidogo, unashiba mapema. Chini ya ngozi wameweka kitu kama kifungo cha koti. Yusra anachoma sindano hapo, anaongeza maji mpira ukaze, au anapunguza ulegee. Basi. Ndiyo hayo.

Dokta aliniambia: kata tonge dogo, tafuna mpaka liwe uji mdomoni, usinywe maji unapokula. Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikia. Lakini kutafuna mimi nilikuwa sikujui. Sisemi kwa mzaha. Nilikuwa na miaka sitini na saba na ugali sijawahi kuutafuna.

Tulizaliwa sita katika tembe moja, nyumba ya udongo, kule kijijini Kigwe. Baba alichonga bakuli la mti, kubwa, na lilipopasuka akalishona kwa waya. Mama alisaga uwele juu ya jiwe, sauti ile nikiwaza leo naisikia kifuani, si masikioni, maana nilikuwa nimebebwa mgongoni. Jioni bakuli linawekwa chini, ugali umesimama katikati, mlenda, ile mboga inayoteleza, kando kwenye chungu, na watoto sita tunazunguka. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilitafuna. Nikimaliza kutafuna tonge la kwanza, kaka zangu wako la nne. Nikipeleka mkono mara ya tatu, nakuta mti.

Ukaja mwaka wa njaa. Mvua ilikataa, ng'ombe wakafa, mama akawa anapika ugali wa kujaza kiganja cha mtu mmoja. Nilikonda mpaka nikawa siwezi kusimama peke yangu. Ndipo dada yangu Paskazia, aliyenizidi miaka minne, akanivuta nyuma ya nyumba. Akafinyanga matonge ya udongo mbichi anionyeshe.

"Jeni, we mjinga," akasema. "Ugali na mlenda hautafunwi. Unamezwa. Kata, viringisha, bonyeza na dole gumba pawe na shimo, chota mlenda, tupa. Mlenda utautelezesha."

Tulipokaa kula akaweka vidole viwili kooni kwangu, asikie.

"Limepita?"

"Limepita."

"Kata lingine. Haraka."

Sikufa. Kaka zangu wawili walikufa mwaka ule, mimi sikufa. Tangu hapo mpaka uzee nimekula hivyo. Kwenye harusi watu walikuwa wananitazama, na mimi nikijua wananitazama namaliza sahani mbili. Nilijivunia, kwa nini nisijivunie?

Mama alipofariki, mimi na Paskazia tukawekeana neno. Yeye alibaki Kigwe shambani, mimi niliolewa mjini. Kila mwaka uwele mpya ukishapurwa, hakuna mtu nyumbani kwake anayeuonja mpaka mimi nifike. Tunakula ugali wa kwanza sisi wawili, kwenye bakuli lile la waya. Miaka thelathini na moja hatujakosa. Mwaka mmoja nilikwenda na homa natetemeka. Mwaka mwingine alikuwa na siku nane tu tangu azike mume. Tulikula.

Sasa mwaka huu nimekwenda na mpira, na sikumwambia.

Nilimficha kwa sababu hii. Mwaka juzi niliwahi kumsimulia kwamba mjini siku hizi watu wanafungwa matumbo wapungue. Akaacha kupepeta, ungo ukiwa hewani. Akasema, "Sisi tulilia njaa mpaka machozi yakakauka, leo mtu anaomba afungwe asile?" Kisha akatema mate chini. Nilicheka naye. Nilicheka sana, Mungu anisamehe. Ungekuwa wewe, ungerudi kumwambia?

Nilipofika Kigwe alikuwa mlangoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huko mjini hamli?"

"Magoti, dada. Dokta kasema nipunguze."

"Dokta gani anasema mtu apunguze wakati wa mavuno?"

Alikuwa hajala tangu asubuhi, anatunza tumbo. Amebakiwa na meno matatu na mikono yake inatetemeka, lakini ugali aliusonga mwenyewe, hakutaka nishike mwiko. Ule ugali, jamani. Rangi ya majivu, unang'aa, unanukia kama nyumba ya mama. Mlenda na karanga zilizopondwa. Nilipoona bakuli na waya wake nikasahau dokta, nikasahau Dar es Salaam. Mkono ukaenda wenyewe. Nikakata, nikaviringisha, nikabonyeza, nikachota, nikatupa.

Likasimama.

Lilisimama hapa, kati ya matiti, nyuma ya mfupa. Kama mtu yuko ndani anakukanyaga kwa kisigino. Mlenda haukulisaidia kitu. Mate yakaanza kujaa mdomoni, mazito, yanavutika. Kwikwi ikaja.

"Mbona umenyamaza?" Paskazia akauliza.

"Nausikilizia utamu."

"Kata lingine basi."

Nikainuka. Nikasema naenda chooni.

"Choo kiko upande huu," akasema. "Wewe unakwenda zizini."

Nikashika ukuta wa zizi, nikatembea hatua kumi kwenda, kumi kurudi, maana Yusra alishatuambia kutembea kunasaidia. Angeniacha, labda lingeshuka lenyewe. Lakini dada yangu si wa kukuacha. Akaja na kata ya maji.

"Limekupalia. Kunywa lishuke."

Nilijua maji hayatakiwi. Yusra alilisema hilo mpaka tukamchoka. Lakini kukataa maji ni kueleza kwa nini, na mimi sikutaka kueleza. Nikanywa. Yakagota, yakarudi yote, mengine kwa pua. Na nyuma yake likatoka tonge.

Lilianguka kwenye vumbi, zima, halijabadilika. Shimo la dole gumba langu lilikuwa bado liko.

Paskazia aliinama akalitazama muda mrefu. Uwele mpya, wa kwanza, chini kwenye mavi ya mbuzi.

"Unaumwa nini, Jenifa?" Hakuniita Jeni.

Nikamwambia. Nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nimeshika ukuta. Nikafunua kanga nikamwonyesha vikovu vyangu vitano, vidogo kama vya chanjo.

"Wamekufunga," akasema.

"Wamenifunga."

"Na ulicheka na mimi mwaka juzi."

"Nilicheka."

Akaniacha pale. Akaingia ndani. Nikasikia bakuli linafunikwa na sahani ya bati. Nikajua yamekwisha, miaka thelathini na moja imekwisha kwa tonge moja. Na mimi si mtu wa kubembeleza. Nikajifuta uso, nikachukua mkoba wangu, nikaanza kushika njia ya barabarani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwangu Miyuji. Nimeshakuharibia."

"Ugali haujaliwa."

"Dada, leo siwezi tena. Chakula kikishakukwama, siku hiyo unakunywa vya majimaji tu, tumbo lipumzike."

"Basi leo hauliwi."

"Wewe kula. Hujala tangu asubuhi."

"Jenifa, nimesema hauliwi. Una mpira masikioni pia?"

Akapika uji mwepesi wa unga wa mwaka jana. Akanimiminia kikombe, na yeye akajimiminia kikombe. Tukakaa kizingitini tunakunywa kwa funda ndogo, na mvuke wa ule ugali tuliouacha ndani unatufuata mpaka nje. Nimeona njaa, na Paskazia ameiona kunizidi, maana yeye ndiye aliyekuwa ananiachia. Kumtazama mtu yule anakaa na njaa kwa hiari yake, wakati wa mavuno, kwa ajili ya tumbo langu nililolifunga mwenyewe, kuliniuma kuliko lile tonge. Sikumwambia. Nilisema uji wake una chumvi nyingi.

Kesho yake, mchana, akasonga mwingine. Laini, umelegea kwenye bakuli, hausimami.

"Ugali gani huu?" nikasema. "Huu wa mtoto anayeota meno."

"Na wewe ndiyo unaota. Kaa chini."

Tukakaa magoti yanagusana. Akakata kipande kama punje ya karanga, akakichovya, akaniweka mkononi.

"Tafuna."

Nikatafuna. Koo linakivuta, ndiyo mazoea yake, linataka kukinyang'anya. Paskazia akaweka vidole viwili kooni kwangu, palepale alipoviweka zamani. Zamani alikuwa anasikiliza kama linapita. Sasa alikuwa analizuia.

"Bado," akasema. "Bado. Bado, we mroho, nimekusikia. Bado. Haya."

Nikameza.

"Limepita?"

"Limepita."

Akakata lingine. Kuna mahali alisema, bila kunitazama, "Ulikuwa unatafuna kama mbuzi, na tulikuwa sita. Ningefanyaje?"

"Najua, dada."

"Nilidhani nimekufundisha mara moja ikatosha."

Niliijua ladha yake siku ile. Uwele ukiutafuna sana unageuka mtamu, kama umetiwa asali kidogo kwa mbali. Nilikuwa sijui. Nimeula maisha yangu yote, nimeulilia, nimeulima, nimeubeba kichwani, na sijui kwamba una utamu ule. Nikawaza kaka zangu, nikawaza kama wao walijua, nikaona bora nisiwaze. Nikamwambia Paskazia. Akasema yeye ana meno matatu, anajua utamu huo miaka mingi, alidhani kila mtu anaujua.

Nilikula vipande kumi na tatu nikashiba. Yeye akamaliza bakuli, akalikwangua mpaka waya ukalia.

Niliporudi, Yusra alinigombeza kama mtoto, hasa kwa yale maji. Akapunguza maji kidogo kwenye kile kifungo. Akanipangia: chakula kikikukwama simama, acha kula, usinywe kitu, tembea taratibu, ngoja. Kikikataa kushuka, hata mate hayapiti, usingoje kesho, njoo au nenda hospitali iliyo karibu. Nimeandika hapa alivyosema, asiseme sikuandika.

Kimenikwama mara mbili tangu siku ile, chapati mara moja, nyama mara moja. Zote mbili nilikuwa nakula peke yangu. Siku hizi Paskazia ananipigia simu saa saba mchana, anapiga kelele kama simu ni shimo. "Umekaa kula? Haya, tafuna nikusikie." Naiweka simu karibu na mdomo, natafuna, na yeye kule Kigwe anasema bado, bado. Majirani zangu wanadhani nimechanganyikiwa. Wadhani.

Mimi nimemaliza. Sasa ni zamu yako, usigeuze ukurasa kama hujaniona. Kuna mtu umemficha huo mpira. Kila mmoja wetu pale kwenye benchi anaye, nimewauliza. Andika jina lake hapa chini, si lako, lako silitaki. Halafu nenda kwake ukale mbele yake. Kalamu nimeifunga na uzi kwenye daftari, na fundo nimefunga mimi, kwa hiyo usiniambie ilipotea.