Hodi Iliyovunja Komeo

Mpiga pasi alifukuzwa kazi kwa kosa la kukataa kunyoosha shati moja, na mtaa mzima ukaona aliyeonewa ni mwenye shati.

Mwenye shati ni mwimbaji. Kabla ya sifa alikuwa mpangaji tu, ukuta kwa ukuta na mpiga pasi huyu na mama yake. Alimtaka binti huyo, akaambiwa hapana. Akarudi, akaambiwa hapana ile ile. Mara ya mwisho alikuja alasiri, mama yuko sokoni, akabisha na kubisha hata komeo likang'oka na misumari yake. Majirani walimtoa huku wakicheka, ati mapenzi ni upofu.

Upofu huo akautungia wimbo. Humo yeye ni maskini wa penzi anayekondea mlangoni, na mwanamke ni Jiwe. Ngoma inaanza kwa kubisha, ko, ko-ko, ko, kisha kiitikio: nitabisha hadi uchoke. Watoto wanaurukia kamba.

Dukani kwa dobi wateja wakawa wanaigonga ngoma ile juu ya meza ya mpiga pasi.

"Jiwe, kaka wa watu hujamhurumia tu?"

"Shati lako limekatika kifungo. Lihurumie hilo kwanza."

Mwenye duka hakukemea mtu. Aliongeza sauti ya redio, maana Jiwe alikuwa kivutio. Nyumbani nako mama alimbembeleza: "Mwanangu, wimbo ni upepo, utapita."

"Upepo haujui mlango wetu, mama."

Ndipo likaletwa shati la jukwaani la mwimbaji.

"Linyooshe vizuri," mwenye duka akasema. "Analifuata mwenyewe. Watu watajaa hapa."

Mpiga pasi akafungua mkoba, akatoa komeo lililopinda, alilotembea nalo tangu siku ile, akaliweka juu ya kola nyeupe.

"Mpe na hili. Alilisahau kwenye wimbo."

"Unaniharibia biashara kwa chuma kibovu?"

"Kilikuwa kizima kabla hajabisha."

Mteja mmoja akacheka, akakosa wa kumsaidia kucheka. Mwenye duka akamwambia mpiga pasi avue aproni.

Sasa ananyoosha nguo chumbani, meza ameielekeza mlangoni, na wateja ni wa kubahatisha. Wanaomwita Jiwe ndio hao hao wanaowafundisha watoto wao kwamba hodi isipoitikiwa, mtu hurudi alikotoka. Kumbe adabu hiyo huisha ngoma inapoanza.

Mwenye duka, mrudishe kazini, na uizime redio hiyo yeye akiwa mezani. Nawe mwimbaji, hatukudai wimbo mwingine. Tumeshiba machozi yako. Panda jukwaani, na kabla ngoma haijabisha, waambie watu komeo lile lilivunjwa na nani.