Kwa Mshona Kofia, Tumo!

Mji wa Kale una wanawake wenye dhahabu ya kuazimisha harusi tatu, na una Ummukulthum, ambaye hana hata kipuli kizima. Lakini miaka yote aliyosimama mlangoni mwa basi la shule akipandisha na kushusha watoto, hapana mama aliyewahi kumwendea akamuuliza, "Mwanangu yuko wapi?" Hiyo ndiyo mali yake. Ukitaka kumwona amevimba kama andazi kwenye mafuta, mtajie hilo.

Watoto humwita Bi Kulu. Basi lao haliingii vichochoroni, maana humo hata mkokoteni hupumua kwa shida. Husimama Kuze, kando ya barabara, na watoto huja kwa miguu. Zamani, na Ummukulthum hulipenda sana neno hilo, mtoto hakuletwa na mtu. Alisukumwa mgongo mlangoni kwao, akapokewa na macho. Bibi wa dirisha la kwanza alimuuliza kofia i wapi. Wa dirisha la pili alimgombeza makamasi. Wazee wa barazani walimshika na vikombe vyao vya kahawa mkononi, wakamtaka asome sura aliyohifadhi jana. Mpaka afike kwenye basi, mtaa mzima umeshamsalimu. Na akipinda kichochoro kisicho chake, habari ilimfikia mamake kabla yeye hajajua kama amepotea.

Siku hizi madirisha yamefungwa, na mashine za baridi zawadondoshea maji wapita njia. Wenye nyumba wamehamia ng'ambo, wamekuja wapangaji, na baraza nyingine zimewekwa vyuma ili watu wasikae. Baraza isiyokaliwa! Si afadhali wangeibomoa tu?

Ummukulthum hakuwa akihesabu watoto. Mwana wa mtu hahesabiwi kama maembe. Ni kumtafutia kijicho. Yeye aliita nyumba.

"Kwa Bi Samli!"

"Tumo!"

"Kwa Mshona Kofia!"

"Tumo!"

Mshona kofia mwenyewe alikufa kabla wazazi wa watoto hao hawajaoana, lakini nyumba ilibaki na jina lake. Mtoto mmoja aliitikia kwa niaba ya wote wa mlango wake, kwani walikula sinia moja, na mkubwa hakutoka bila kumshika mdogo mkono. Jioni, wakati wa kushuka, ilikuwa vivyo hivyo: aliita nyumba, nyumba ikajibu "Tumeshuka!", na basi likaondoka.

Kisha shule ikaleta mashine. Kila mtoto akavishwa kadi shingoni. Akipanda huigusisha mlangoni, mashine ikalia, na mamake akapata ujumbe kwenye simu kwamba mwanawe amepanda. Akishuka, vivyo hivyo. Na dereva akizima gari ilhali kuna kadi haijashuka, mashine hupiga ukelele na kumjulisha mzazi.

Ummukulthum alinuna. "Tsuma," alimwambia dereva, Mgiriama waliyezoeana hata ugomvi wao ukawa na mahali pa kupumzikia, "hiki kidude chahesabu watoto wa watu."

"Chahesabu hata mwendo wangu, Bi Kulu. Mimi nimenyamaza, wewe wapiga kelele."

"Wewe umenyamaza kwa sababu wakimbiza gari."

"Na wewe wapiga kelele kwa sababu gani?"

Ummukulthum akaubamiza mlango wa basi.

Ikaja Ramadhani, na mvua ikaja nayo. Swabaha wa darasa la kwanza alikuwa amewashinda wakubwa kwa kulia mpaka wakamruhusu kufunga. Yeye na mamake, Fadhiya, walikuwa wametoka Majengo wakapanga chini kwenye nyumba ya Mshona Kofia. Warithi walikuwa wameigawa nyumba hiyo bibi yao alipofariki, wakajenga ukuta katikati ya ua. Juu alikaa Badawi, kitukuu wa mshona kofia. Kwa Ummukulthum, mlango ulikuwa ule ule mmoja.

Jioni moja Swabaha alijikunja chini ya kiti cha nyuma kabisa, njaa na usingizi vikamfunika. Pale Kuze watoto wakasongamana mlangoni kwa mvua, mwavuli mmoja, mashine ikilia kila mara na hapana aliyeitazama.

"Kwa Mshona Kofia!"

"Tumeshuka!" akapaza Badawi, kama alivyofunzwa tangu chekechea, akatimua mbio.

"Twende, Tsuma," alisema Ummukulthum. Basi likamshusha barabarani, mbele ya kichochoro cha kwao, likaenda zake.

Alikuwa jikoni akikaanga kaimati za kufuturu Fadhiya alipoingia, mtandio mabegani, simu mkononi.

"Bi Kulu, mwanangu yuko wapi?"

Yale maneno. Ummukulthum alibaki na mwiko hewani. "Ameshuka, mwanangu. Nyumba yenu imeitikia."

"Nyumba imeitikia? Nyumba ina mdomo?" Fadhiya alimsukumia simu usoni. Ujumbe ulisema gari limezimwa na Swabaha hajashuka.

"Badawi amesema..."

"Badawi ni nani wangu? Mimi ni mpangaji! Twapishana mlangoni tu, hata chumvi hatujaombana!"

Ummukulthum aliikamata simu yake. Alimpigia Tsuma, na Tsuma akapokea kabla simu haijaita sawasawa.

"Ninaye," alisema. "Nimezima gari tu hapa Makupa, mashine ikanipigia ukelele wa mwizi. Alikuwa chini ya kiti. Jasho tele, lakini mzima. Aniuliza kama adhana imeshatoka."

Fadhiya alimpokonya simu, akamsikia mwanawe, akakaa kwenye kizingiti akalia. Ummukulthum alitaka kumshika bega, mkono ukakataa kwenda. Kaimati ziliungua mpaka zikawa makaa, hapana aliyezitoa.

Basi lilipomrudisha mtoto, Ummukulthum aliomba radhi mbele ya watu. Fadhiya alisema, "Nimesikia." Hakusema amesamehe, na wote waliokuwapo waliliona hilo.

Asubuhi yake Ummukulthum alisimama mlangoni mwa basi bila ya maneno yake ya kawaida. Alijua kina mama wote wanajua. Wengine walimsalimu wakitazama mashine. Mwisho akatokea Fadhiya, amemshika Swabaha mkono barabara. Kadi ikaguswa, mashine ikalia, simu ya Fadhiya ikatetema. Mkono hakuuachia.

"Kadi imemjua," alisema. "Na wewe je, wamjua?"

Siku nyingine Ummukulthum angekuwa na majibu matatu, yote makali.

"Ni Swabaha binti Fadhiya," alisema. "Si wa Mshona Kofia, ni wako wewe. Apenda viti vya nyuma, na leo atakaa hapa mbele, ubavuni pangu."

"Akilala?"

"Nitamwamsha mimi."

Nyuma honi za magari zilianza kuwapigia kelele. Fadhiya akautoa mkono wa mwanawe kwenye wake, akautia kwenye wa Ummukulthum.

"Amefunga tena," alisema. "Hasikii."

Jioni ile Ummukulthum aliita majina. Yalimpa taabu, kama anayeita wageni. Kila aliyeitwa alishuka na kadi yake, naye Ummukulthum akaitazama mashine, akatembea mpaka mwisho wa basi akiinama kiti kwa kiti. Tsuma alimwona kwenye kioo, akamwashia taa za ndani.

"Swabaha!"

"Nipo!"

"Badawi!"

Badawi alikuwa amesimama na mkoba wake, amekunja uso. "Bi Kulu, na Kwa Mshona Kofia hutuiti?"

Ummukulthum alikitazama kichochoro, na yale madirisha yaliyofungwa yakitiririka maji.

"Wewe ni Badawi," alisema. "Gusa kadi yako, ushuke."