Matawi ya Kikorongo

Jonan Bwambale wa Karambi alisifiwa na kila mtu isipokuwa wale waliomwajiri. Pale Bwera, malori yanapojipanga kungoja kuvuka kwenda Kongo, wabadilisha pesa walimjua kwa kofia yake ya sufi, na akina mama wauza bundu, ule ugali wa muhogo, walimjua kwa tumbo lake. Alikula kama mtu aliyetoka shambani, akacheka mpaka meza ikatikisika, kisha akaenda kulala chini ya trela kwenye mkeka uliotoboka. Si kwamba alipenda kulala chini. Kampuni yake ilikuwa moja ya zile kubwa, zenye ofisi ya vioo Kampala na malori ya kijani kila pembe ya nchi, lakini kitanda cha dereva haikuwahi kukifikiria.

Alianza kazi zamani, wakati kila lori lilikuwa na utingo wa kushika jeki na kupiga soga njiani. Kampuni ikasema utingo ni hasara, ikawaondoa wote. Mahali pao ikaweka kidude kidogo cheusi nyuma ya usukani, ambacho madereva walikipa jina la Jicho. Jicho liliona gari lilipo, mwendo wake, na mahali liliposimama. Ukisimama kujisaidia, simu inalia. Ukisimama kwa sababu usingizi unakutia kichaa, simu inalia. Mpigaji alikuwa Bright, mtu wa ofisini ambaye hakuna dereva aliyewahi kumwona uso, na swali lake, kwa Kiswahili cha Kampala ambacho "nasimama" ni unasimama pia, lilikuwa moja tu, "Driver, kwa nini nasimama?" Ukimjibu kwamba unaumwa, anakuambia ugonjwa hubaki nyumbani. Mtu mzima, baba wa watoto, anaulizwa kama mtwana. Jonan alivumilia kwa sababu ya Gorret, mkewe, aliyekuwa akiishi Karambi katika nyumba iliyokamilika kuta lakini haina paa, na kwa sababu kazi nyingine hakuwa nayo.

Aliyemfundisha kuendesha trela ni mzee Omara, mtu wa Lira kule kaskazini, mrefu, mwembamba, aliyewahi kuwa askari na ambaye bado alisema na watu kama yuko kambini. Omara alikuwa mcheshi, ila jambo moja hakulifanyia mzaha hata siku moja, nalo ni matawi.

Kila dereva wa njia ile anajua habari ya matawi. Vile vibao vya pembetatu vya kung'aa huibwa kabla hujageuka, kwa hiyo gari likiharibika unakata matawi porini na kuyatandika barabarani, nyuma ya gari na mbele, ili wanaokuja wajue kuna mwenzao amekwama. Gari likipona, unayaondoa kabla hujatia gia. Aliyetandika ndiye huondoa. Matawi ya mtu hayaondolewi na mwingine, kwa sababu huwezi kujua kama mwenyewe bado anayahitaji.

"Sikia, kuruta," Omara alikuwa akimwambia. "Tawi kwa barabara si tawi. Ile ni mutu naita. Wewe nasimama. Sawa?"

"Sawa, afande."

Naye Omara akiondoa matawi yake hakuyatupa ovyo. Aliyapanga pembeni ya lami kwa fungu, vikonyo vyote vikielekea upande mmoja, kama kuni za mwanamke nadhifu. Madereva walimcheka kwa hilo, naye akawaacha wacheke.

Mwaka 2015, wakati Jonan yuko Mombasa akingoja kontena, gari la Omara lilivunjika ekseli ng'ambo kidogo ya njia panda ya Kikorongo, pale kwenye kona, ukiwa umeingia njia ya Bwera na vijiji bado havijaanza. Ni mbuga tupu, na ziwa dogo la maji machungu linanuka upande mmoja. Omara akatandika matawi yake, akapiga simu ofisini, akaambiwa maneno ambayo kila dereva wa kampuni ile ameyasikia: "Usiache mzigo. Fundi nakuja." Fundi hakuja. Iliyokuja ni homa. Malori ya kijani yalipita, yakapiga honi, yakaenda zao, kwa sababu ofisi ilikuwa imeshatangaza kwamba matawi ni ujanja wa wezi na anayesimama ataachishwa kazi. Askari wa mbuga walimkuta Omara amekaa kwenye usukani, mikono yote miwili juu yake, amekufa.

Kontena la Omara lilifuatwa siku ileile. Maiti ilingoja gari jingine. Hilo Jonan hakulisahau, na angelisahau ningemwona si mtu. Lori lenyewe likakokotwa mpaka Kasese, likakatwa vipande na kuuzwa vyuma chakavu. Matawi yalibaki barabarani.

"Aliyetandika ndiye naondoa," alisema Tsongo, dereva wa kutoka ng'ambo, upande wa Kongo, ambako kaka huitwa yaya, walipokuwa wakila Bwera baada ya matanga. "Sasa huyu amekufa. Ile matawi nani ataondoa, yaya Jonan?"

Hakuna aliyecheka, ingawa kwa kawaida Tsongo hasemi neno bila watu kucheka.

Mwaka uliofuata Jonan alifika kwenye kona ile adhuhuri, jua likiwa utosini. Pale ndipo mstari wa katikati ya dunia unapopita, na saa hiyo kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Akaona matawi barabarani, mabichi, yamepangwa vizuri. Akafunga breki, akashuka, akatembea mpaka ng'ambo ya kona kumtafuta mwenye gari. Barabara ilikuwa tupu hadi macho yanapokoma. Hapakuwa na ndege wala upepo. Akarudi, akainama, akagusa jani moja. Lami ilikuwa ikichoma hata kupitia soli ya kiatu, lakini jani lile lilikuwa baridi kama kitu kilichotoka kisimani.

Simu ikalia. "Driver, kwa nini nasimama?"

"Kuna matawi, bosi."

"Pita juu yake."

Hakupita juu yake. Aliyazunguka taratibu, magurudumu yakikanyaga majani ya porini. Bwera akafikiwa na Tsongo, aliyekuwa amepita kwenye kona muda mfupi tu nyuma yake. Tsongo hakuona tawi hata moja.

Safari iliyofuata akayaona tena, na safari iliyofuata hiyo vilevile. Daima adhuhuri, daima mabichi, na daima ng'ambo ya kona hakuna kitu. Kila mara alisimama, akaenda kutazama, na kila mara Jicho likamchongea. Mwishowe Bright alimpigia akiwa bado Kampala, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Jonan, ofisi nasema wewe nauza mafuta pale Kikorongo. Ukisimama pale tena mara moja, acha funguo Bwera, enda kwako."

Jonan akampigia Gorret, akamweleza yote. Gorret alikuwa mwanamke wa kanisa, na hakuwa mtu wa kutishwa na majani.

"Baba Resty," alisema, "ukiona ile kitu, usiangalie. Taja jina ya Yesu, pita. Mvua iko karibu na sisi hatuna paa."

Alisema kweli. Jonan aliahidi, na alipoahidi alikusudia hivyo kutoka moyoni. Tangu Mbarara alikuwa akijisemea: sitasimama, sitasimama. Akavuka daraja la Katunguru, akawapita tembo waliokuwa wakijipaka tope, akakunja kwenye njia panda ya Kikorongo kuelekea Bwera. Jua lilikuwa limesimama juu kabisa ya kichwa. Akafunga kioo cha dirisha, akaanza kuomba kwa sauti.

Matawi yalikuwepo. Safari hii yalikuwa mengi kuliko siku zote, yameziba njia yake na njia ya wanaokuja, na majani yake yalikuwa yakitikisika. Nje upepo haukuwepo, nyasi zilikuwa zimetulia kabisa kando ya lami, lakini majani yale yalitikisika kama mkono wa mtu anayepunga kwa nguvu zake zote. Jonan akakanyaga mafuta. Trela likanguruma. Akaiona nyumba yake ya Karambi isiyo na paa, akamwona Gorret mlangoni, na papo hapo akasikia sauti kavu ya kambini ndani ya kichwa chake: ile ni mutu naita.

Akakanyaga breki mpaka mguu ukauma. Trela lilisimama tawi la kwanza likiwa chini ya bampa.

Aliogopa, na hakuna haja ya kumfichia. Alishuka hata hivyo. "Nimesimama, mzee," alisema kwa sauti kubwa, huku machozi yakimtoka kwa hasira na hofu pamoja. "Umenifukuzisha kazi. Sasa sema, unataka nini?"

Akaenda kwenye kona kama alivyozoea, akijua atakuta barabara tupu.

Akakuta mgongo wa trela la kijani, limeinama nusu porini, tairi zimezama. Ndani ya kabini, vioo vimefungwa kwa kuhofia simba, alikuwa amelala Abaho, dereva mpya wa kampuni, mtu wa Ntungamo. Midomo ilikuwa imepasuka, mwili ulikuwa moto na unatetemeka. Jonan akavunja kioo, akamtia maji kidogo kidogo mdomoni mpaka macho yakafunguka.

"Tangu juzi," Abaho alinong'ona. "Ofisi ilisema nisiache mzigo. Fundi nakuja. Magari yetu napita, napiga honi, naenda."

"Umepona, ndugu yangu. Shukuru ulitandika matawi. Bila ile matawi mimi pia ningepita."

Abaho akamtazama bila kuelewa. "Matawi gani? Sijashuka hapa. Miguu ilikataa."

Jonan alirudi kuchukua gari lake alilete karibu, na alipozunguka kona akasimama pale pale. Barabara ilikuwa safi, lami tupu inang'aa. Pembeni, kwenye nyasi, matawi yote yalikuwa yamepangwa kwa fungu moja, vikonyo vikielekea upande mmoja. Kama kulikuwa na wa kuyapanga, hakuacha hata alama ya kiatu. Jonan alivua kofia, akasimama kidogo, kisha akapanda gari. Hofu ilikuwa imemtoka yote.

Alimpeleka Abaho hospitali ya misheni pale Kisinga, simu ikilia njia nzima bila kupokelewa. Wauguzi walisema homa ilikuwa imeanza kumpanda kichwani, na kwamba angechelewa mpaka jioni wasingekuwa na la kufanya. Jonan akawaachia namba ya mama yake Abaho, aliyotajiwa na mwenyewe njiani, akaendelea mpaka Bwera, akaegesha gari yadini vizuri kama siku zote, akaingia kibanda cha kampuni. Hapo ndipo alipoipokea simu.

"Funguo iko mukononi, bosi," alisema kabla hajaulizwa. "Abaho iko hospitali, iko mzima. Gari yake iko Kikorongo."

Alitegemea kutukanwa, lakini Bright akasema polepole, "Jonan, wewe umefika Bwera. Naona gari yako pale. Kikorongo ilitakiwa nibaki naona gari moja, ile ya Abaho."

"Ndiyo."

"Naona mbili."

"Ya pili ni namba gani?"

Bright akaisoma namba. Jonan aliijua namba hiyo kuliko ya gari lake mwenyewe, kwa sababu ndiyo ya gari alilojifunzia kazi. Nje, waendesha bodaboda walikuwa wakigombania abiria kama kawaida.

"Hiyo ni ya Omara," alisema.

"Omara alikufa! Ile gari ilikatwa, Jicho yake ilitupwa, mimi mwenyewe nilifuta namba."

"Ni wewe ulimwambia asiache mzigo, bosi?"

"Ni mimi," Bright alisema.

"Na nani alimwambia aende nyumbani?"

Jonan alisikia pumzi ya mtu upande wa pili, pumzi fupi fupi. Kwa mara ya kwanza tangu alipoijua sauti ile alihisi kwamba ilikuwa na mwenyewe, mtu mwenye koo na kifua, amekaa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta.

"Nafanya nini?" Bright aliuliza.

"Mwambie."

Bright akakohoa. Kisha, kwa sauti ambayo madereva hawakuwahi kuisikia kwake, akasema, "Mzee Omara. Mzigo ulifika. Utusamehe. Enda nyumbani."

Walingoja wote wawili, huyu Bwera na yule Kampala. Feni ya kibanda ilizunguka. Baadaye Bright akasema kwa kunong'ona, "Imetembea. Jonan, iko natembea. Imepita njia panda, naelekea Kasese, naenda kaskazini..."

"Mwache," alisema Jonan, akaweka funguo mezani. "Na akisimama njiani kupumzika, usimpigie simu."