Maziwa ya mdosi na dirisha la misumari

Wakuu, hamjambo. Vijana, niaje.

Nimeona mtu hapa akiuliza kama ni kweli maziwa huosha kifua. Wacha niwaambie yaliyonipata. Siongezi chumvi, mume wangu yuko hapa sebuleni na nikidanganya atanikatiza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini tuliishi Dandora. Mume wangu, Mutua, aliendesha mashine ya kuchapa kwa printing ndogo ya Mzee Njoroge, mdosi wetu. Mimi nilikuwa nakunja na kupanga kadi: za harusi, za harambee, programu za kanisa.

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja, mabati juu, bila dari. Mchana ni jiko kabisa.

Dirisha lilikuwepo, lakini Mzee alilipigia misumari. Na alikuwa na sababu. Ukifungua tu, vumbi na masizi ya dampo la taka la jirani yanakaa kwa wino mbichi, kadi ya bibi harusi inatoka na madoadoa.

Shida ilikuwa roller, zile silinda za mashine zinazopaka wino. Kila ukibadilisha rangi, unaziosha na petroli. Ile harufu haina pa kutokea.

Mzee alijua hiyo shida, kwa hivyo kila siku alitununulia maziwa, zile pakiti za pembe tatu, kila mtu yake.

"Kunyweni, yaoshe kifua."

Na tuliamini, wakuu! Wapaka rangi, wachomeleaji, kila mtu mtaani alikuwa na pakiti yake.

Sasa utamlalamikia vipi mtu kama huyo? Mdosi mbaya tungemsengenya mpaka tuchoke. Huyu alikuwa anatutunza kama watoto wake.

Jumamosi moja jua likiwa kali sana, Mutua alikuwa anaosha roller. Nikasikia kishindo. Nikageuka, yuko chini, midomo imebadilika rangi.

Mzee akakimbilia nini? Maziwa! Akamwinua kichwa amnyweshe.

Nikapiga nduru: "Atapaliwa huyo! Mtoe nje!"

Tukamburuta hadi uani. Akavuta hewa, akafungua macho, akaniuliza, "Mashine umezima?" Jameni, wanaume.

Jumatatu nikamkuta anavaa viatu, arudi humo humo. Nikamwambia ataniacha mjane. Akanijibu, "Nitamwambia nini Mzee, na vile ametufanyia?"

Hapo nilikasirika kweli kweli. Nikamtangulia kazini.

"Mzee, Mutua haingii humu mpaka hilo dirisha lifunguliwe."

"Mama Mwende, kwani nimewahi kuwanyima maziwa?"

"Hujatunyima. Tunakosa hewa."

Akanigeuzia mgongo. Nikajua tumefutwa, wote wawili.

Halafu akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari mwenyewe. Ile nguvu ya kuvuta ikamletea kikohozi, akakohoa mpaka akashika ukuta. Sikuwa nimewahi kumsikia akikohoa hivyo. Mkewe, aliyekuwa akifua matambara ya kazi pale uani, akaniambia polepole, "Nyumbani ni hivi kila siku. Hapa hujikaza, asiwatie hofu."



Tukabadilisha namna ya kufanya kazi. Dirishani tukatundika gunia lililoloweshwa maji, linashika vumbi na kupoza chumba. Karatasi tukazihamishia ukuta wa mbali, maana unyevu huzikunja. Roller zikaoshewa uani. Kuchapa tukafanya asubuhi, kabla upepo wa dampo haujaamka. Bado madoadoa yalikuwepo, na wateja wengine walirudisha kadi. Mzee alizirudia bila kuguna.

Mutua alipata nafuu, na mpaka leo yuko. Mzee alikuwa amevuta ile hewa miaka mingi kabla yetu. Kifua chake hakikupona. Tulimzika, na bado naumia nikimkumbuka, kwa sababu alikuwa mtu mzuri.

Nilichojifunza ni hiki: sisi tulinyamaza tusimuudhi, naye akanyamaza asitutishe. Na wote tulikuwa tunavuta hewa moja.

Wewe unayefanyia kazi mtu mzuri, ni nini bado hujamwambia? Andika hapa chini, kisha uende umwambie.