Programu Ambayo Afande Oola Alisema Haiko

Afande Oola hakuwa polisi wa kukimbizana na wezi. Utumishi wake wote, tangu alipotoka Kitgum akiwa kijana mwembamba mpaka alipostaafu na kitambi chake, aliumalizia stoo, akigawa buti, blanketi na tochi. Na mtu wa stoo, kama hujawahi kukaa naye karibu, ana ugonjwa wake: hawezi kusema "sijui". Ukimwomba buti la mguu mpana, hatakuambia kwamba hajatazama rafu ya nyuma. Atakuambia "haiko", nawe utaondoka, kwa sababu neno la stoo halina pa kukatiwa rufaa.

Alipostaafu alipanga nyumba Ntinda, jijini Kampala, na padri wa parokia moja ya Bukoto akamwomba amtunzie chumba cha kompyuta nyuma ya kanisa. Zilikuwa kompyuta kuukuu za msaada. Kijana wa parokia aitwaye Tarcisio alikuwa amezitia Linux, kwa kuwa haidai leseni wala haidharau mashine iliyozeeka. Tarcisio alimfundisha mzee kwa subira, kisha akapata kazi Gulu akaenda zake. Oola akabaki na funguo na darasa. Wanafunzi walikuwa akina mama, wengi wao wakimbizi wa Kongo, na wote walimwita Afande. Alilipenda jina hilo kupita kiasi, ingawa alijitia kutojali.

Linux ina namna yake ya kupata programu. Mashine huwa na anwani za bohari kubwa zilizoko kwenye intaneti. Ukiitajia jina la programu, inakwenda bohari, inachukua, inaleta. Jambo hili Oola alilielewa haraka kuliko yote aliyofundishwa, maana lilikuwa ni kazi yake ileile. Tatizo lilikuwa bando la intaneti. Parokia ilinunua bando kwa sadaka, na mashine zilipoanza kujisasisha zenyewe, liliisha kabla mwezi haujafika katikati, padri akabaki kuuliza limekwenda wapi. Oola akafanya ambacho mtu yeyote wa stoo angefanya akisikia mali inavuja: akafunga milango. Alifungua faili la anwani katika kila kompyuta, akaweka mwanzoni mwa kila mstari alama ya reli (#), ambayo huiambia mashine iuruke mstari huo. Bando likadumu. Padri akamsifu mbele ya waumini baada ya misa. Sifa zikamkolea, na ile habari ya milango aliyoifunga ikamtoka kichwani kabisa.

Ndipo akaja Mbambu.

Mbambu alikuwa karani huko Butembo, Kongo, kabla maradhi hayajamwondolea macho. Vidole vyake vilikuwa bado vinajua kuchapa. Kilichokosekana ni kitu cha kumsomea yaliyoandikwa kwenye skrini. Alikuja ameshikwa mkono na mdogo wake, Reine. Ofisi moja ya kupokea simu za wateja ilikuwa imekubali kumchukua, kwa sharti kwamba kufikia Ijumaa awaambie ni programu gani ya kusoma kwa sauti anayoweza kuitumia. Kwa mwanamke aliyekuwa akishinda soko la Kalerwe akimenya njegere za watu, hiyo haikuwa nafasi ndogo.

"Afande, naomba unisaidie ile programu yenye kusoma," alisema. "Walinipa jina yake."

Oola aliketi, akavaa miwani, akaandika lile jina. Mashine ikamjibu kwamba haioni kifurushi cha programu chenye jina hilo. Akaandika tena, polepole, jibu likawa lilelile.

Angeweza kusema, "Mashine haioni, ngoja nimpigie Tarcisio." Maneno hayo wala yasingemchubua ulimi. Lakini akina mama walikuwa wameacha kuchapa, wote wanamtazama yeye, na ule ugonjwa wa stoo ukampanda.

"Haiko, mama," alisema.

"Haiko hapa, ama haiko kabisa?"

Lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na Oola alilijibu kama mjinga. "Haiko kabisa. Linux hakuna hiyo kitu. Hiyo ni ya zile mashine za watu wakubwa."

Mbambu alitikisa kichwa taratibu, akasema asante. Reine akamwongoza mlangoni. Oola akarudi kuwakagua wengine, na jioni ile alikula chakula chake vizuri tu.

Wiki iliyofuata padri aliomba kompyuta ya pili nayo iweze kuchapisha matangazo ya kanisa. Oola aliita programu ya printa, na mashine ikasema haioni. Hapo akashtuka. Programu ya printa ilikuwa inafanya kazi kwenye kompyuta ya kwanza, pale ubavuni pake. Tarcisio aliiita kutoka bohari Oola akishuhudia. Kitu alichokiona kwa macho yake kisingeweza kuwa hakipo duniani. Kwa hiyo aliyekosea si bohari.

Alikagua herufi, zilikuwa sawa. Alikagua modemu, ilikuwa inawaka. Akafungua faili la anwani, na humo akazikuta zile alama za reli, zimesimama mwanzoni mwa kila mstari alipoziweka yeye kwa mkono wake.

Moto wa aibu ulimpanda kutoka shingoni. Aliangalia nyuma kama kuna mtu anayemwona, na chumba kilikuwa kitupu. Akaziondoa alama, akaiambia mashine isome bohari upya, lakini bohari nazo zikamkatalia: toleo lile la Linux lilikuwa limezeeka hadi likahamishwa. Ikambidi ampigie Tarcisio.

"Badilisha anwani tu, Afande, weka ya hifadhi ya matoleo ya zamani," Tarcisio alisema, akamsomea anwani. "Kwani umekwama tangu lini? Si ungepiga?"

Oola alisema amekwama leo asubuhi. Ule ulikuwa uongo wa pili.

Akabadilisha. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini. Hakuita programu ya printa; aliita ile ya Mbambu. Ikaja kwa utiifu, na baada ya muda sauti kavu ikatoka kwenye spika, ikimsomea kwa Kiswahili maneno aliyoyaandika mwenyewe. Mtu mwingine angefurahi. Oola aliizima sauti haraka, kama aliyefumaniwa.

Mchana aliteremka Kalerwe. Alimkuta Mbambu ameketi nyuma ya meza ya njegere, beseni mapajani, Reine pembeni yake akiwahudumia wateja. Njia nzima Oola alikuwa amejipangia la kusema, na lilikuwa neno moja zuri la kiume: nilikosea. Lilipofika mdomoni likageuka.

"Mama Mbambu, mzigo umeingia," alisema. "Ile programu imekuja."

Mbambu aliacha kumenya. "Imekuja? Kweli, Afande?" Akamgeukia Reine. "Unasikia? Afande aliendelea kunitafutia." Kisha akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejituliza. "Ile kazi niliwaachia, walimpa mwingine. Lakini haina neno, nitajifunza. Mungu ataleta ingine."

Mama wa meza ya jirani alimmenyea Oola ndizi mbivu, kwa kuwa amesikia kwamba Afande ni mtu mwema. Alikula ile ndizi mpaka mwisho, akaaga. Akwero, mkewe, alimuuliza jioni kwa nini hagusi chakula. Akasingizia ndizi.

Siku ya darasa Mbambu alifika mapema kuliko wote. Oola alimwekea spika za masikioni na kumwonyesha vitufe vya kuianzisha na kuisimamisha ile sauti, naye akavishika upesi hata kumzidi mwalimu. Alichapa sentensi, akaisikiliza, akarekebisha herufi, akasikiliza tena. Mikono yake ilikuwa ya karani kabisa. Kila alivyozidi kuweza ndivyo Oola alivyozidi kuumia, kwa sababu mtu huyu angekuwa ofisini muda huo.

Mbambu akainua uso. "Mama zangu," aliwaambia wenzake, "Afande alihangaika kwa ajili yangu mpaka hii kitu ikapatikana. Tumpigie makofi."

Wakapiga. Oola alisimama katikati ya makofi akitamani ardhi imfunike. Maishani mwake alikuwa amesingiziwa mabaya mara nyingi, kama mtu yeyote wa stoo, na hajawahi kuumia vile. Makofi yalipokwisha alivuta kiti akaketi mbele ya Mbambu.

"Mama Mbambu, haikuja juzi," alisema, na chumba kizima kikamsikia. "Ilikuwa iko. Mimi ndiyo nilifunga njia yake, kwa sababu ya bando, nikasahau. Siku ile uliniuliza, sikutafuta sawasawa. Nilisema tu."

Mbambu alivua zile spika, akaziweka mezani kwa kupapasa. "Ilikuwa iko ile siku?"

"Ilikuwa iko."

"Na Kalerwe, wakati ulinikuta, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Reine alisonya, sauti ya kusikika. Mbambu alinyoosha mkono kumtuliza. Hakuonekana na hasira, na hilo ndilo lililommaliza Oola, maana hasira angejua namna ya kuipokea.

"Sikulala vizuri tangu ile siku uliniambia haiko," alisema Mbambu. "Nilikuwa nayalaumu haya macho yangu."